Siku 39 Nyuma ya Lakiri Moja

Siku ya 1. Ghalani

Mlango wa kushoto ulifungwa kwanza, wa kulia ukaja kuulalia, na vijana wawili wakauegemea kwa mabega hadi mpira wa pembeni ukabanwa. Msimamizi wa ghala akatoa lakiri mfukoni. Ni pini ya chuma nene kama kidole changu cha shahada, ina kichwa cha mviringo, na kikombe chake kimevikwa plastiki ya njano. Akapitisha pini kwenye tundu la komeo, akakibana kikombe kwa chini. Ta! Basi. Lakiri ya aina hii haina ufunguo wala namba ya siri. Hukatwa.

Mimi hufundisha vijana wanaojiandaa kuwa mawakala wa forodha. Miaka nenda rudi nimewachorea ubaoni safari ya shehena, lakini sikuwahi kulifuata kontena moja tangu linapofungwa hadi linapofunguliwa. Safari hii nimeruhusiwa kupanda meli pamoja nalo, mtu wa ziada asiye na kazi, kwa sharti kwamba nisitaje jina la meli, bandari wala mwenye mzigo. Sharti nimelipokea.

Kontena lenyewe ni la futi 20, na ndani yake kuna vigae vya kauri kwenye paleti. Vigae ni vizito mno, hivyo uzito unakwisha kabla ya nafasi. Nilipochungulia kabla ya kufungwa, juu ya paleti palibaki hewa tupu hadi darini. Mzigo wa kuchosha. Nimeuchagua kwa sababu hiyo hiyo: hakuna mtu anayeamka usiku kwenda kuiba vigae.

Kwenye kichwa cha pini na kwenye kikombe imechongwa namba ile ile, tarakimu zake za mwisho 0738, na pembeni kuna herufi H. Hiyo H ni daraja la juu la kiwango cha ISO 17712: pini haitakiwi kuachia kwa mvuto ulio chini ya kilonewton 10, yaani kama kuning'iniza tani moja. Inasikika nguvu kubwa, lakini mkasi wa vyuma unaimaliza mara moja. Lakiri haimzuii mwizi, inamchongea. Ndiyo maana wenye kazi yao wana mambo manne wasiyoyaruka: itazame, linganisha namba, ivute, izungushe. Lakiri bandia iliyotengenezwa kwa nati na gundi huachia kwenye hatua ya nne.

Msimamizi aliivuta, akaizungusha. Karani akaandika namba kwenye kompyuta yake bila kuinua macho. Sikulifikiria hilo mpaka kesho yake.

Siku ya 2. Langoni

Lango la bandari siku hizi ni banda refu lililojaa kamera. Lori linapita taratibu bila kusimama, kamera zinapiga picha ubavu, paa, mgongo na namba ya gari, na programu inasoma namba ya kontena kabla dereva hajashusha kioo.

Namba hiyo ina ujanja ambao wanafunzi wangu huupenda. Ni herufi 4, tarakimu 6, kisha tarakimu ya mwisho iliyofungiwa ndani ya kiboksi. Hiyo ya kiboksi ni ya kukagulia. Tuchukue mfano wa siku zote wa mafunzoni, CSQU 305438, kiboksini 3. Kila herufi ina thamani yake: C ni 13, S ni 30, Q ni 28, U ni 32. Thamani ya kwanza unaizidisha kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, ya nne kwa 8, unaendelea kurudufu hadi tarakimu ya mwisho unayoizidisha kwa 512. Jumla inakuja 6,185. Gawa kwa 11, kinabaki 3. Ukikosea tarakimu moja, au ukizigeuza mbili zilizopakana, hesabu inakataa karibu kila mara. Ni kinga ya bei ya karatasi na kalamu, na ilikuwepo kabla kamera hizi hazijaota ndoto ya kuzaliwa.

Namba ya kontena letu ilikubali. Kizuizi kikainuka nusu, kikasimama. Mama mmoja mwenye kizibao cha kung'aa alikuwa amesimama nyuma ya trela na fomu mkononi, kidole chake kikiwa juu ya lakiri.

"Mama, mashine imeshapitisha," dereva alimwambia, kijana mwenye haraka zake.

"Mashine imesoma kontena, mwanangu. Lakiri nasoma mimi."

Alisoma tarakimu moja moja kwa sauti. Kwenye lakiri, 0738. Kwenye hati, 0783. Karani wa jana alikuwa amegeuza mbili za mwisho, na namba za lakiri hazina tarakimu ya kiboksini ya kumkamata mtu wa aina hiyo. Mashine zote za banda lile zisingemkamata, kwa kuwa zililinganisha namba ya kontena tu, na picha ya lakiri ilitoka na ukungu.

Tulikaa pembeni kwa muda wa saa nne. Kampuni iliyopakia ilithibitisha kosa, mama akaandika upya kwenye fomu yake na kutia saini. Niliona kwamba saba yake ina mkia katikati, kama walivyofundishwa watu wa zamani. Nilipiga picha ile fomu kwa sababu ilinipendeza tu. Uzito nao ulipimwa. Tangu Julai 1, 2016 hakuna kontena linaloruhusiwa kupanda meli bila uzito wake uliothibitishwa, na huo ni ulinzi pia, kwa sababu kontena lililoongezewa kitu njiani huanza kusema kwenye mzani.

Kosa lilisahihishwa kwenye mfumo wa bandari. Taarifa za mzigo zilikuwa zimeshatumwa mbele kwa forodha ya tunakokwenda, na huko ilikwenda 0783.

Siku ya 3. Uwanjani

Nilipewa nusu siku kwenye chumba cha ulinzi. Uzio wa bandari hii umefumwa na waya wa fiba: mtu akiugusa, mwanga unaopita ndani ya waya unayumba na kompyuta inajua ni mita ya ngapi. Kamera iliyo karibu inageuka yenyewe kutazama. Kamera za joto huona mwili wa mtu gizani kama taa. Ajabu yake ni kwamba katika saa moja tu ya kukaa kwangu pale, uzio ulilia mara sita, na mara zote sita ilikuwa upepo na mifuko ya plastiki. Ofisa wa zamu aliniambia waziwazi kwamba kishawishi kikubwa cha kazi yake ni kupunguza usikivu wa mashine ili apate utulivu. Yeye hapunguzi, ila anamwelewa anayepunguza.

Kanuni zinazotawala haya yote ni zile za kimataifa za ulinzi wa meli na bandari, ISPS, zilizopitishwa Desemba 2002 baada ya mashambulizi ya Septemba 11 na kuanza kutumika Julai 1, 2004. Kabla yake, bandari nyingi mtu aliingia na kutoka kama sokoni. Sasa kila bandari na kila meli kubwa inayokwenda ng'ambo ina ofisa wa ulinzi, mpango wa ulinzi, na viwango vitatu vya tahadhari.

Kilichonivutia zaidi uwanjani hakina waya wala kompyuta. Makontena yenye mzigo wa thamani yanapangwa yakitazamana, mlango kwa mlango, nafasi ya katikati isitoshe hata mkono. Huwezi kufungua mlango usioweza kuzunguka.

Hata hivyo siku hizi mwizi mwerevu hafungui chochote uwanjani. Anakuja na lori, anataja namba ya siri ya kuchukulia mzigo, anapakiwa kwa adabu na kutoka langoni akipungiwa mkono. Bandari ya Antwerp, Ubelgiji, walilijua hilo kwa uchungu. Kati ya 2011 na 2013 wadukuzi waliokodiwa na wauza dawa za kulevya waliingia kwenye kompyuta za kampuni za pale bandarini. Kwanza walituma barua pepe zenye programu za kijasusi; zilipozibwa, walivunja ofisi na kuficha vifaa vya kunasa kila kinachoandikwa kwenye kibodi, vingine ndani ya soketi za umeme za kawaida. Wakajua kontena lao liko wapi na namba ya kulitolea, wakamtuma dereva kabla mwenye mzigo hajafika. Rotterdam nayo imekuwa ikiachana na namba hizo na kutumia mfumo ambao haki ya kuchukua mzigo inapokezanwa kidijitali kutoka kampuni moja hadi nyingine, ili asiwepo mtu katikati mwenye namba ya kuuza.

Siku ya 4. Kupanda meli

Juu ya ngazi ya meli baharia alikagua pasi yangu, akaandika saa, akanipa beji na kupekua begi. Hata rubani anayeiongoza meli bandarini anaandikwa. Kabla ya kung'oa nanga walifanya msako wa wazamiaji. Neno hili tunalitumia kwa mpiga mbizi na kwa anayejificha melini, na siku hiyo lilitufaa kwa maana zote mbili.

Serahangi, kiongozi wa mabaharia wa sitaha, aliniruhusu nimfuate. Tulipita mashua za kuokolea, stoo za rangi, chumba cha mnyororo wa nanga, chini ya maturubai. Kila mlango ukikaguliwa unabandikwa kikaratasi chenye namba, kikichanika watajua. Mwisho tulisimama tezi, nyuma kabisa ya meli, tukachungulia chini, pale mlingoti wa sukani unapopanda kuingia mwilini mwa meli. Juu ya sukani huwa na uwazi ambao mtu anaweza kujibana. Novemba 2022 watu watatu walikutwa wamekaa juu ya sukani ya meli ya mafuta Alithini II, bandari ya Las Palmas, baada ya siku 11 kutoka Lagos, miguu yao ikiwa shubiri chache juu ya maji. Baadhi ya meli sasa hufunga wavu wa chuma pale. Serahangi alimulika tochi muda mrefu kuliko sehemu nyingine zote.

"Kaka, hapa simtafuti mhalifu," alisema. "Namtafuta mtu atakayekufa."

Makontena yenyewe hukaguliwa kwa pumzi. Bomba jembamba linapitishwa kwenye tundu la hewa au pembe ya mpira wa mlango, mashine inapima kabonidayoksaidi. Hewa ya kawaida ina sehemu 420 hivi kwa milioni. Watu wakifungiwa ndani, kiwango hicho hupanda hadi maelfu. Kuna pia mashine ya kusikiliza mapigo ya moyo: injini inazimwa, vihisio vinagandishwa kwenye fremu ya lori, na mtikisiko wa moyo unaopita kwenye chuma unasomwa. Upepo ukivuma mashine hiyo hupata kichaa, kwa hiyo bandari nyingine hulisukuma lori ndani ya banda kwanza.

Siku ya 6. Mlango wa bahari wa Malacca

Usiku. Meli zimejipanga mbele na nyuma yetu kama taa za barabarani. Wezi wa maji haya si wale wa kuteka meli. Wengi hupanda kwa tezi na ndoano, wanachukua vipuri vya injini, wanaondoka. Hupendelea matishari na meli za mzigo wa kichele, yaani usiofungashwa, zinazokwenda polepole na zenye kingo za karibu na maji. Yetu ni ndefu kwenda juu na inakimbia, lakini milango yote ya nje ilikuwa imekomewa kwa ndani, na mabaharia wawili walizunguka na redio kila nusu saa, taa za tezi zikiwa zimewashwa zote. Hakikutokea kitu. Nililala vizuri.

Siku ya 9. Kitufe

Leo walifanya jaribio la king'ora cha siri. Kila meli ya ukubwa huu ina angalau vitufe viwili vya namna hii, kimoja kwenye chumba cha usukani, kingine mahali ambapo sikuonyeshwa na sikuuliza. Nahodha aliwapigia simu kwanza watu wa kampuni, akawaambia ni jaribio. Kisha akafunua kifuniko, akabonyeza.

Mimi nilijiziba masikio kwa mazoea. Kimya. Hakuna taa, hakuna kengele, hata mlio wa panya. Ofisa wa tatu akacheka hadi akashika meza. Ndivyo kilivyotengenezwa: kama mtu amekushikia bunduki, king'ora cha kelele kitakuua. Ujumbe unapanda kwenye setilaiti kimyakimya ukiwa na jina la meli na mahali ilipo, unashuka kwenye ofisi ya kampuni na kwa mamlaka ya nchi ambayo meli inapeperusha bendera yake. Dakika chache baadaye simu iliita: wamepokea.

Siku ya 14. Katikati ya maji

Bahari ya Hindi, maji pande zote. Nilikwenda na serahangi kulitazama kontena langu. Liko safu ya chini sitahani, limebanwa na vyuma, na lakiri ya njano naiona kwa mbali kidogo. Nikamwambia kwamba angalau huku hakuna wa kuigusa. Akanitazama kwa huruma.

Juni 2019, Philadelphia, maofisa wa Marekani walitoa tani 20 hivi za kokeini kwenye meli MSC Gayane. Baadhi ya mabaharia wake wenyewe walikiri mahakamani. Boti za kasi ziliifuata meli ikiwa safarini usiku, kreni ya meli ikainua mabunda, makontena yakafunguliwa, yakajazwa, na lakiri mpya bandia zikawekwa. Kwa hiyo lakiri nzima yenye namba isiyofanana ni habari kubwa kuliko lakiri iliyovunjwa. Na lakiri yenye namba inayofanana nayo si mwisho wa maneno: wengine hung'oa ribiti za komeo, wakaufungua mlango lakiri ikiwa imening'inia vile vile, wakarudisha boliti mpya na kupaka rangi. Serahangi hukagua boliti za komeo kwa ukucha, anatafuta rangi mbichi.

Vipi kuhusu vifuatiliaji vya setilaiti? Vipo, na makontena ya baridi hasa huwa navyo, vinatuma joto la ndani, mahali, na kama mlango umefunguliwa. Kiunzi cha chuma kinachokizunguka kifaa ndicho adui yake. Kontena likizikwa chini ya mengine manane, antena haioni mbingu. Vifaa vizuri hutunza kumbukumbu na kuzimwaga zote pindi vinapopata mawasiliano, hivyo unajua mlango ulifunguliwa Jumanne, ila unajua Ijumaa. Makontena ya baridi yana udhaifu mwingine: chumba kidogo cha mashine ya kupoza, kilicho nje ya lakiri kabisa. Wauza dawa za kulevya wanakipenda sana, na wakaguzi hukichungulia kwa kamera nyembamba kama waya.

Siku ya 21. Kuizunguka Rasi

Tumeizunguka Rasi ya Tumaini Jema mawimbi yakiwa makubwa kiasi cha kunifanya niandike mistari hii nimelala. Njia fupi ingekuwa Bahari ya Sham na Suez. Tangu Novemba 19, 2023, Wahouthi wa Yemen walipoiteka meli ya Galaxy Leader, kampuni nyingi za meli zilianza kuzunguka huku. Kilichowashitua mabaharia kwenye video ya utekaji ule ni helikopta. Seng'enge, mabomba ya maji ya kasi, sanamu zilizovalishwa kizibao zionekane walinzi: vyote vilibuniwa kwa ajili ya maharamia wa Somalia wanaokuja na boti na ngazi. Hawa walishuka kutoka juu. Kilichobaki kufaa ni ngome, chumba kimoja imara ndani ya meli chenye maji, redio na njia ya kuzimia injini, ambamo watu wote hujifungia wakingoja wanamaji.

Jioni nilikaa na ofisa wa tatu mbele ya skrini ya AIS. Kila meli kubwa inatangaza jina, mwendo na mahali ilipo, kila sekunde chache, kwa redio ya kawaida ya VHF. Haijafichwa kwa namna yoyote. Yeyote mwenye kipokezi anasoma, na yeyote mwenye kisambazaji anaweza kudanganya. GPS nayo inadanganywa: Juni 2017, meli kadhaa katika Bahari Nyeusi zilijiona kwenye skrini zikiwa uwanja wa ndege wa Gelendzhik, nchi kavu. Ofisa wa tatu ana tabia ambayo wenzake wanamtania nayo. Kila saa anapima pembe ya kitu chochote kinachoonekana, mnara au mlima, na kuchora mwenyewe meli ilipo, kisha ndipo anatazama skrini inasemaje.

Siku ya 28. Simu ya fundi

Ugomvi melini. Mmoja wa mafundi alichomeka simu yake kwenye kompyuta ya ramani ili ipate chaji. Chifu, mmoja wa wakubwa wa meli, alimkuta. Sijawahi kumsikia mtu akifokewa kwa Kiingereza kibovu cha namna ile kwa dakika kumi mfululizo. Jioni matundu yote ya USB ya chumba cha usukani yalizibwa kwa vifuniko vyenye kufuli, jambo ambalo lilitakiwa kufanyika zamani.

Chifu ana sababu. Juni 27, 2017, alikuwa kwenye meli iliyokuwa ikisubiri gati wakati programu hasidi ya NotPetya ilipoingia kampuni ya meli ya Maersk. Bandari zilisimama, malori yakapanga foleni kwa maili, na hakuna aliyejua kontena lipi ni la nani. Ilibidi kampuni iweke upya seva 4,000 na kompyuta 45,000. Bandari ya Nagoya, Japani, ilisimama siku zaidi ya mbili Julai 2023 kwa mkasa wa jinsi hiyo. Uzio mzima, lakiri nzima, kamera zote zinafanya kazi, na bandari imekufa. Tangu 2021 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini linataka meli ziweke hatari za kimtandao kwenye mpango wao wa usalama. Melini kwetu mpango huo ulikuwa kwenye faili safi ambalo uti wake haujawahi kukunjwa.

Siku ya 37. Kuwasili

Kabla hata kreni ya kwanza haijainama, roboti ndogo ilishushwa majini ikaenda kuchungulia chini ya meli, kwenye matundu yenye nondo ambamo maji ya kupozea injini huingilia. Watu hufunga mabunda humo. Haikupata kitu.

Kontena letu lilishuka mchana, likawekwa kwenye lori, likapita katikati ya nguzo mbili ndefu kwa mwendo wa mtu anayekimbia pole. Nguzo hizo hazitoi mionzi, zinasikiliza tu. Zikalia.

Moyo ulinipasuka kidogo, japo nilijua ni nini. Vigae vimetengenezwa kwa udongo, na udongo una potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu yote duniani ni ya aina ya 40 inayotoa mionzi. Mbolea, mawe ya granaiti, hata mchanga wa choo cha paka, vyote huziliza nguzo hizi. Ofisa alinionyesha mchoro: mstari ulipanda polepole na kushuka polepole kwa urefu wote wa kontena. "Chanzo kilichofichwa," alisema, "kingechoma juu kama sindano." Kisha akatembea kando ya kontena na kifaa cha mkononi kinachotambua aina ya mionzi. Kilele kirefu kilisimama kwenye nishati ya kiloelektronivolti 1,460, na hiyo ni sahihi ya potasiamu 40.

Nguzo zinalia kwa vigae kila siku, wao wanakwenda kupima kila siku. Julai 2010 huko Genoa, Italia, kengele kama hiyo ilikuwa ya kobalti 60, chanzo kikali cha mionzi, iliyozama ndani ya kontena la shaba chakavu. Lilitengwa, likazungushiwa makontena mengine kama ukuta, likakaa hapo karibu mwaka mzima hadi roboti zilipolifungua.

Mionzi ikawa imetatuliwa. Ndipo ujumbe mwingine ukaja kwenye skrini yake: lakiri hailingani.

Siku ya 38. Skana

Nilionyesha picha ya fomu niliyoipiga siku ya 2. Mkaguzi, mwanamke mtaratibu mwenye miwani, aliitazama kwa hisani akanirudishia simu. Picha iliyo kwenye simu ya abiria si ushahidi. Aliandika barua kwa bandari tuliyotoka, na wakati tukisubiri akalipeleka kontena kwenye eksirei.

Skana ni kama geti nene la zege. Dereva anapita na kichwa cha lori kwanza, kisha mwale unawashwa nyuma yake. Eksirei ya kifua hospitalini hutumia nishati ya elektronivolti laki moja na kitu. Hii ni milioni 6, inapenya chuma cha sentimita 30 hivi. Nyingine hubadilishana nishati mbili ili programu itofautishe chuma na vitu vya asili ya mimea, plastiki au unga, na kuvipa rangi tofauti. Vigae vilitokea weusi tii, mstari kwa mstari, na juu yake weupe wa hewa. Ila karibu na mlango paleti mbili zilikuwa fupi kuliko nyingine.

Mchambuzi alikuza picha, akaigeuza, akaongeza mwanga, akaipunguza. Hakuona kitu cha kigeni. Akaandika: fungua.

Marekani ilipitisha sheria mwaka 2007 kwamba kila kontena linalokwenda kwao lipigwe picha hivi kabla halijapakiwa, ifikapo 2012. Muda umeahirishwa tena na tena. Nikimtazama mchambuzi huyu akitumia dakika 20 kwa paleti mbili za vigae, sikuhitaji kuuliza kwa nini.

Siku ya 39. Kufungua

Jibu lilifika asubuhi, likiwa na nakala ya fomu. Niliijua kabla ya kusoma: saba yenye mkia katikati.

Mkaguzi alipiga picha lakiri pande zote. Akaitazama, akalinganisha namba, akaivuta, akaizungusha. Akapitisha kidole kwenye boliti za komeo. Msaidizi wake akaleta mkasi mrefu, akaukumbatia mpini, na pini ikakatika kwa sauti kavu ya risasi ndogo.

Ndani mlinukia kadibodi na vumbi. Alihesabu paleti, idadi ilitimia. Zile mbili fupi zilikuwa za aina nyembamba ya kigae, na orodha ilisema hivyo. Akagonga kuta kwa nyundo ndogo akisikiliza, darini vivyo hivyo, kisha akaegemeza kipimo cha leza kwenye nafasi ya juu ya mzigo hadi ukuta wa mbele: mita 5.89. Kontena la futi 20 lina mita 5.90 hivi kwa ndani. Ukuta wa uongo ungekula sentimita 20 au zaidi. Akainama chini ya sakafu na tochi. Akajaza fomu.

Nilimwomba lakiri iliyokatwa, niwaonyeshe wanafunzi. Akaitia vipande vyote viwili kwenye mfuko wa plastiki, akaandika tarehe. Kielelezo, hakitoki.

Akafunga milango, akachukua lakiri mpya, ya buluu. Ta! Akaandika namba yake, akanigeuzia ubao na kuniomba nimsomee tarakimu kutoka kwenye pini ili ahakikishe. Nilisoma haraka haraka, nikiwa tayari na begi begani. Kalamu yake ikasimama.

"Soma tena, mwalimu," akasema.